Uzi wa bloku: kabla hujaipeleka injini ndogo ya dizeli kuchongwa, ikague na uipime

#1 Fundi wa Bondeni

Wakuu, habari za majukumu.

Mavuno ya mpunga yakikaribia huku Kilombero, injini za mashine za kukoboa na za pawatila (trekta ndogo za mkono) zinaanza kushushwa gereji, na maneno ya wenye mali yanafanana: "Fundi, inakula oili, inafuka moshi wa bluu, kaichonge." Dawa imeshachaguliwa, ugonjwa bado haujulikani. Injini inavalishwa slivu mpya (bomba la chuma ambamo pistoni inakwenda na kurudi), inarudi kazini, na msimu haujaisha inafuka tena. Hapo analaumiwa muuza spea.

Msimamo wangu: bloku, yaani kiwiliwili cha injini chenye silinda, ikifunguliwa inaonyesha kilichoimaliza, na hupaswi kununua hata ringi moja kabla hujaisoma. Uzi huu ni wa bloku tu. Hedi (kifuniko cha silinda), pampu na nozeli zina uzi wake.

Nitaegemea zaidi kwenye S195, ile ya silinda moja iliyolala, yenye tangi la maji wazi mgongoni, maana vijijini ndiyo imejaa. Silinda yake ni 95 mm, mwendo wa pistoni 115 mm, nguvu farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Wenye Hiace yenye injini ya 3L (silinda nne, kipenyo 96 mm kwa mwendo 96 mm) msiondoke, nanyi mna sehemu yenu.

Kwanza tuelewane jambo moja linalowapotezea watu fedha. S195 ina slivu ya maji. Slivu hiyo inachomolewa, maji yanaigusa yenyewe kwa nje, na upande wa chini yanazuiwa na oringi za mpira yasiingie kwenye oili. Ikilika, inatolewa na kuwekwa nyingine ya saizi ile ile pamoja na pistoni na ringi zake. Hakuna sababu ya kuipeleka kwenye mashine ya kuchonga. Kwenye 3L mambo ni mengine: silinda inachongwa kwenye bloku, kisha unaweka pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kuliko za mwanzo kwa 0.50 mm na kuendelea. Kwa hiyo mwenye S195 akiambiwa "bloku inachongwa", aulize inachongwa wapi, na kwa nini.

ITAZAME KABLA HUJAIOSHA. Vijana wengi wakishafungua hedi wanakimbilia dizeli na brashi, na ushahidi wote unaondoka na uchafu. Angalia uso wa bloku pale gasketi inapokaa: mstari mweusi wa masizi unaotoka kwenye silinda kuelekea tundu la maji unaonyesha moto ulipopitia. Angalia oili chini, kama imekuwa ya maziwa maji yameingia. Pitisha kidole ndani ya bomba la hewa, baada ya chujio. Ukitoka na vumbi, mtuhumiwa wa kwanza umempata.

Kisha osha. Fungua vizibo vya njia za oili, pitisha waya na brashi, puliza kwa hewa. Kostiki soda inasafisha chuma cha bloku vizuri, ila usitumbukize humo pistoni wala kitu chochote cha aluminiamu, kitaliwa. Vaeni glavu na miwani, macho hayana spea.

Ndani ya tangi la maji la S195 utakuta chokaa. Maji ya kisima yanachemka na kupungua kila siku, mwenye mashine anaongeza mengine, chumvi yote inabaki humo. Gamba hilo linazuia joto la slivu lisifike kwenye maji, hivyo slivu inaungua maji yakiwa yanachemka kama kawaida na mwenyewe anaona hakuna tatizo. Likwangue lote, hasa upande wa juu wa slivu karibu na hedi, ambako joto ni kali zaidi.

NYUFA. Kwa asiye na vifaa, njia ya zamani inafanya kazi: paka mafuta ya taa sehemu unayoishuku, yaache yazame, futa mpaka pakauke, kisha paka chaki ya unga. Baada ya muda ufa unajichora wenyewe kwenye chaki. Angalia kuta za tangi la maji, matundu ya bolti za hedi, na ukingo inapokaa slivu. Kinachopasua bloku hizi mara nyingi ni maji ya baridi kumiminwa kwenye injini iliyoishiwa maji ikiwa bado ya moto. Ufa wa ukuta wa nje wa maji unaweza kushonwa au kulehemiwa kwa vijiti vya nikeli na mtu anayejua kupasha chuma taratibu na kukipoza taratibu. Ufa uliofika kwenye kikao cha slivu au kwenye kikao cha kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), mimi nakushauri utafute bloku nyingine.

USO WA BLOKU. Rula ya chuma iliyonyooka na fila (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi). Pima kingo nne na pembe kwa pembe. Kwa injini za ukubwa huu ukiona fila ya 0.10 mm inapita, hapo pana kazi. Ila msikimbilie kuparua. Dizeli haina nafasi kubwa kati ya pistoni na hedi, na kila unachoparua kinapunguza nafasi hiyo. Baada ya kuparua, weka vipande vya waya wa risasi wa mafundi redio juu ya pistoni, funga hedi na gasketi yake, zungusha kranki kwa mkono, fungua, pima unene wa risasi iliyobonyea. Huo ndio uwazi wako halisi.

KUPIMA SILINDA. Mwenye geji ya saa apime kina tatu: juu pale ringi ya kwanza inapogeukia, katikati, na chini. Kila kina mara mbili, kwa kufuata mstari wa kranki na kwa kuukata. Tofauti ya juu na chini ni mchongoko, yaani silinda imepanuka upande mmoja kuliko mwingine; tofauti ya pande mbili ni uduara uliopotea. Mara nyingi silinda imelika zaidi juu, upande ambao konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inaisukuma pistoni ukutani. Pale pana joto, oili ni chache, mgandamizo wa gesi unaibana ringi, na pistoni inasimama kabla ya kurudi.

Asiye na geji ya saa atumie ringi na fila. Chukua ringi, iweke chini kabisa ya silinda ambako ringi hazifiki, inyooshe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, pima uwazi wa ncha zake. Isogeze juu hadi mahali palipolika, pima tena. Toa kipimo cha chini kwenye cha juu, kisha gawanya kwa 3.14. Mfano: chini 0.40 mm, juu 1.03 mm, tofauti 0.63; gawanya, unapata 0.20 mm. Hicho ndicho kipenyo kilichoongezeka. Njia hii haikuonyeshi kama silinda imekuwa yai, inakupa wastani tu, lakini ni afadhali mara mia kuliko kupitisha kidole na kusema "bado ipo ipo".

Karibuni.

#2 Dereva wa Usiku

Nakazia hapo kwa kidole. Nilipo mimi gereji nzima fila ni moja na ina kutu.

Mkuu, kikomo ni ngapi sasa? 0.20 ni ya kuchonga au ya kuvumilia?

#3 Fundi wa Bondeni

Mkuu, kitabu cha injini yako ndicho mwamuzi. Kwa dizeli ndogo za Kijapani watengenezaji wengi wanakomea kati ya 0.15 na 0.20 mm. Mashine ya shambani inaweza kuendelea kufanya kazi ikiwa imepita hapo, lakini itakula oili na itawaka kwa shida asubuhi. Tazama na pistoni yenyewe pamoja na mifereji ya ringi. Silinda nzima yenye pistoni iliyopanuka mifereji haikusaidii.

#4 Mama wa Kinu

Habari zenu. Mimi si fundi, nina mashine ya kukoboa mpunga. Mwaka jana fundi aliniwekea slivu, pistoni na ringi mpya. Haikumaliza msimu, ikaanza tena moshi na kupumua kwa nguvu kwenye mfuniko wa oili. Halafu sasa hivi oili imekuwa nyeupe. Nimeambiwa bloku imekufa ninunue nyingine. Ni kweli?

#5 Fundi wa Bondeni

Pole dada. Hayo ni matatizo mawili, usikubali yafungwe kwenye furushi moja.

La kwanza ni vumbi. Injini yako iko chumba kimoja na kinu? Pumba za mpunga zina silika nyingi, na silika ni mchanga. Vumbi lake likipita kwenye chujio linakwenda moja kwa moja juu ya silinda, linachanganyika na oili kidogo iliyopo, linakuwa dawa ya kusagia. Dalili yake ni slivu kulika sana juu wakati chini bado nzuri. Kama ingekuwa oili chafu, ungekuta sketi ya pistoni (ubavu wake wa chini) ina mikwaruzo na bushi za kranki (vikalio inamozungukia) nazo zimelika. Mwambie fundi apime hapo juu na hapo chini mbele yako. Kisha mwangalie lile chujio la hewa: la aina ya kuwekewa oili linatakiwa kuwa na oili hadi kwenye alama, lioshwe mara kwa mara, na mpira unaoliunganisha na injini usiwe na ufa wala kufungwa kwa kamba ya katani. Injini ikae nje ya chumba cha pumba au itengewe ukuta, mkanda upite kwenye tundu. Bila hivyo hata ukinunua bloku ya dukani mambo yatajirudia.

La pili, maji kwenye oili. Kabla ya kuihukumu bloku, slivu itolewe. Yaangaliwe mapito ya oringi ndani ya bloku. Bloku zilizokaa na maji yasiyo na dawa ya kutu huliwa pale, panakuwa na vishimo, na oringi mpya haiwezi kuziba shimo. Pia inawezekana oringi ilijikunja au ilichanika wakati wa kuingizwa. Na maji yanaweza kupita kwenye gasketi ya hedi, au kwenye ufa, kwa hiyo aanze na palipo rahisi.

Utaratibu wa kuingiza slivu: kikao kikwanguliwe mpaka chuma kionekane. Slivu iingizwe kwanza bila oringi. Inatakiwa ishuke na kuzunguka kwa mikono. Ikigoma, kuna kutu au kikao kimepinda, usiigonge kwa nyundo. Kisha oringi ziwekwe bila kujikunja, zipakwe maji ya sabuni, slivu isukumwe sawasawa. Ikishakaa, kichwa chake lazima kitokeze kidogo juu ya uso wa bloku, sehemu ndogo sana za milimita kama kitabu kinavyosema, ili gasketi iibane. Ikizama chini ya uso, gasketi itaungua. Ikitokeza kupita kiasi au upande mmoja, ukifunga hedi unaweza kukata ukosi wa slivu (ukingo wake wa juu).

Halafu jambo ambalo halina gharama: mjaze maji kwenye bloku KABLA pistoni haijaingia. Iacheni ilale hivyo usiku kucha, asubuhi angalieni kwa tochi chini ya oringi.

#6 Mzee wa Leth

Nimesoma. Uzi mzuri ila umewapunja wachongaji, ngoja niongeze maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Vijana wanaleta bloku ya 3L wanasema "piga 50", yaani ovasaizi ya 0.50 mm. Pistoni ziko wapi? "Tutanunua baadaye." Mimi sichongi. Silinda inachongwa kwa kufuata pistoni iliyoko mkononi, imepimwa kwa maikromita kwenye sketi, pembe mraba na pini, pale mtengenezaji alipoelekeza. Pistoni zilizoandikwa saizi moja kwenye boksi moja zinaweza kutofautiana, hivyo kila silinda na pistoni yake, na tunaziandika namba. Naacha kama 0.05 mm kwa ajili ya honi (mawe ya kusugulia silinda), sifiki mwisho kwa kisu. Kisu kinaacha uso uliochanika, honi ndiyo inautengeneza.

Pili, kofia za kranki zifungwe kwa toki yake (nguvu ya kukaza iliyowekwa na mtengenezaji) kabla sijaanza. Bloku nyembamba hubadilika umbo bolti zikikazwa. Ukinichongesha ikiwa tupu halafu ukaenda kukaza nyumbani, uduara niliokupa utaupotezea njiani.

Tatu, mistari ya honi. Ikutane kwa pembe ya kama nyuzi 45 hadi 60. Oili inakaa humo. Uso unaong'aa kama kioo mteja anaupenda, ringi haziupendi.

#7 Fundi wa Bondeni

Shikamoo mzee, hapo kwenye pistoni mkononi nimekuelewa vizuri. Mimi sikuigusa kwa sababu S195 haichongwi, lakini wenye Hiace wameandikiwa.

#8 Dereva wa Usiku

Mzee wa Leth, yangu ni 3L, silinda namba tatu ina mchirizi mkubwa, pini ya pistoni ilitoka. Nyingine tatu safi. Lazima zote?

#9 Mzee wa Leth

Marahaba. Kama zile tatu umezipima na ziko ndani ya kikomo, hiyo namba tatu inaweza kuvalishwa slivu kavu, isiyoguswa na maji: inachongwa kubwa, slivu inaingizwa kwa kubana, kisha inachongwa ndani kurudi saizi ya wenzake. Usiweke pistoni ya ovasaizi kwenye moja tu na kuacha tatu standadi, uzito hautalingana. Na ulizie kwanza kwa nini pini ilitoka. Kiklipu kilitumika mara ya pili? Konrodi imepinda? Konrodi iliyopinda itakula na slivu mpya.

#10 Mkulima Kitale

Sasa wadau. Niko Kenya, nina injini ya posho mill (mashine ya kusaga unga). Nimepima na ile njia ya ringi, imekuja 0.09. Fundi anasema niweke ringi mpya tu, nisipige honi. Mwingine anasema nipitishe sandpaper. Nani yuko sawa?

#11 Fundi wa Bondeni

Karibu kaka. Kwa 0.09 silinda bado ina maisha, kama pistoni nayo ni nzima. Lakini angalia juu kabisa: ukucha ukikwama kwenye ukingo, ule ukingo uondolewe kwanza. Ringi ya zamani imezoea kugeukia chini yake. Ringi mpya ina kona kali, itaugonga na kuvunjika.

Kisha uso ule uliolainika uvunjwe kwa honi ya mawe au ile ya vitufe, oili nyingi, drili ya mwendo mdogo, mkono ukipanda na kushuka ili mistari ikatane. Unafuta mng'ao tu, hulengi kuongeza kipenyo. Msasa kwa mkono unaacha mistari inayozunguka silinda, na ukikaza upande mmoja unaleta uyai mwenyewe. Na ringi ukishanunua, kila moja ipimwe uwazi wake ndani ya silinda, chini palipo pazima. Kama 0.3 hadi 0.4 mm kwa kila 100 mm za kipenyo ni kawaida. Zikigusana ncha zikiwa baridi, zikipata moto zitakwaruza ukuta.

Sasa lile ninaloliona likiharibu kazi nzuri kuliko yote: kuosha baada ya honi. Mawe ya honi yanaacha chembe ndani ya ile mistari. Dizeli na petroli haziziondoi, zinaondoa oili iliyozishika na kuziacha pale pale. Inatakiwa maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ngumu, unasugua silinda kana kwamba umetumwa na mama mkwe. Suuza, kausha kwa hewa, papo hapo paka oili maana chuma tupu kinashika kutu mbele ya macho. Chukua kitambaa cheupe chenye oili, futa ndani. Kikitoka na kijivu, rudi kwenye sabuni. Njia za oili nazo zioshwe, hizo chembe zinaingia humo na kwenda kwenye bushi za kranki.

#12 Kijana wa Spea

Hapo kwenye sabuni wengi hawaamini. Wanasema maji na injini wapi na wapi.

#13 Mzee wa Leth

Waache waamini dizeli. Wanarudi kwangu.

#14 Mama wa Kinu

Fundi wa Bondeni, nimerudi. Tumefanya ulivyosema, tumepima slivu mimi nikiwepo. Juu imelika, chini nzuri kabisa. Mpira wa hewa ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali pasipoonekana. Maji: tumejaza, asubuhi yamedondoka upande mmoja wa chini. Kwenye bloku pale kuna vishimo. Fundi anataka kuweka gundi ya chuma. Tena kwenye slivu yenyewe kwa nje kuna matundu madogo upande mmoja tu, hiyo nayo ni kutu?

#15 Fundi wa Bondeni

Asante kwa kurudi na majibu dada, wengi huwa wanapotea.

Gundi ya chuma inaweza kukuvusha msimu kama vishimo ni vifupi, na kama itajazwa kwenye chuma kilichosafishwa mpaka kung'aa kisha kusawazishwa. Kazi ya kudumu ni kupeleka kwa mkerezaji: pale mahali panapanuliwa, inaingizwa pete ya chuma kwa kubana, inachongwa ndani kurudi saizi ya oringi. Bado ni bei ndogo kuliko bloku. Akiwa huko apime na vikao vya bushi za kranki. Bushi mpya zikiingizwa, tundu la oili la bushi lilingane na tundu la bloku. Angalia kwa tochi usikubali kuambiwa tu, likiziba kidogo kranki inakufa.

Matundu ya nje ya slivu upande mmoja si kutu ya kawaida. Pistoni ikiupiga ukuta, slivu inatetemeka, maji yanafanya viputo vidogo vinavyopasuka kwenye chuma na kukimega. Yakizama sana yanatoboa slivu. Pistoni iliyolegea inazidisha hali hiyo. Tumia maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu ukiweza, la sivyo ya mvua yana chumvi kidogo kuliko ya kisima.

Ukiwasha injini baada ya kufunga, usiiache ikinguruma bure kwa masaa. Ipate joto, ipe kazi ndogo, ongeza taratibu. Ringi zinahitaji mzigo ili zikae kwenye ukuta. Zikiachwa bila mzigo silinda inapata mng'ao na utaanza kula oili upya. Badili oili ya kwanza mapema, itakuwa na unga wa chuma.

#16 Mkulima Kitale

Swali la mwisho. Kwa slivu ya maji, kama imelika kidogo upande mmoja na ina hayo matundu machache, naweza kuigeuza robo mzunguko niendelee?

#17 Mzee wa Leth

Inafanyika, na si ujanja wa mtaani tu. Sehemu iliyolika na yenye matundu unaiondoa kwenye upande unaosukumwa. Masharti: iwe ndani ya kikomo cha kipimo, matundu yawe hayajazama, slivu isiwe na mkato wa kupitisha konrodi upande wa chini, oringi mpya, honi mpya na ringi mpya. Piga alama kwa nukta kwenye ukosi ili atakayefungua mbele ajue imeshageuzwa.